Mvinyo, Divai na Msamiati wa Ladha: Maelezo ya Mwonjaji kwa Wanalugha

1. Utangulizi

Mwandishi wa makala haya si mwalimu wa lugha. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa katika hoteli: kuchagua mvinyo, kuuonja, kuutunza ghalani, na kuwafundisha vijana wanaouandaa mezani mbele ya wageni. Huenda basi msomaji akauliza mtu wa kazi kama hiyo ana neno gani la kuwaambia wanalugha. Jibu langu ni kwamba nusu ya kazi hii ni ulimi wa kuonja, na nusu ya pili ni ulimi wa kusema. Mwonjaji asiyeweza kumweleza mwenzake alichokionja hana faida kwa mkulima, kwa mpishi, wala kwa mgeni.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo manne. Kwanza, majina ambayo Kiswahili kimeyapokea kwa ajili ya kinywaji hiki na tunda lake. Pili, jinsi mahali panavyoujenga mvinyo. Tatu, aina za zabibu na hadithi za majina yake. Nne, msamiati wa ladha, pamoja na matumizi yake mvinyo unapokutana na chakula. Hoja yangu kuu ni kwamba Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya ladha, na kwamba hazina hiyo tunaipuuza pale tunapoazima istilahi za kigeni bila kuzipima.

Yafaa niseme mapema kwamba wasemaji wengi wa lugha hii ni Waislamu, na dini yao imewakataza kileo. Makala haya si mwaliko wa kunywa. Ni maelezo ya maneno na ya kazi, na kazi hiyo leo inawalisha wakulima wa Dodoma na wahudumu wa Mombasa, Nairobi na Unguja, wakiwamo wengi wasiouweka mvinyo kinywani mwao.

2. Majina matatu: mvinyo, divai na zabibu

Neno mvinyo limetokana na Kireno, vinho. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593, na walipoondoka walituachia maneno ya vitu walivyovitumia: meza, kopo, pipa, karata, bendera. Mvinyo na pipa yalikuwa maneno ya shehena moja. Kiswahili kiliipokea sauti ya mwanzo ya vinho kwa kuiwekea m- mbele, na kwa hiyo neno likaingia katika ngeli ya mti na miti, ambako twasema mvinyo huu na mivinyo hii. Walakini katika vinywa vya watu wengi mvinyo halikubaki kuwa jina la maji ya zabibu yaliyochachushwa peke yake. Lilipanuka likawa jina la kileo kikali cho chote. Hata leo mtu akisema kwamba fulani anakunywa mvinyo, msikilizaji hana hakika kama pana zabibu ndani yake.

Divai lina safari nyingine. Asili yake ni Kifaransa, du vin. Mfaransa anapoomba kiasi cha mvinyo husema du vin, na hiyo du si sehemu ya jina. Msikilizaji asiyekijua Kifaransa hulipokea lote kuwa neno moja. Jambo hilo limetokea mara nyingi katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Katika Krioli ya Mauritius maji huitwa dilo, mkate dipin, na chai dite. Katika Kimalagasi kinywaji chetu huitwa divay. Wamisionari wa Kikatoliki waliofika Unguja mwaka 1860 walitoka katika kisiwa cha Réunion, na mwaka 1868 wakafungua kituo chao Bagamoyo. Yamkini basi divai yetu ni ndugu wa divay ya Madagaska, na si ya Paris moja kwa moja. Neno hili lilikaa kanisani, likapata heshima ya madhabahu, na tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952 inayoitwa Union Version inalitumia sambamba na mvinyo.

Hivyo tuna maneno mawili yenye maana moja katika kamusi, lakini yenye sauti mbili katika maisha. Divai inanukia ibada. Mvinyo unanukia baa. Mkulima mmoja wa zabibu aliwahi kuniambia kwamba kinywaji chake huwa divai akiongea na padri na mvinyo akiongea na mnunuzi. Sioni sababu ya kuliua neno lo lote kati ya hayo mawili. Katika makala haya natumia mvinyo kwa maana ya kinywaji cha zabibu tu, ili hoja isichanganyike.

Zabibu nalo lina la kutufundisha. Katika Kiarabu zabib ni tunda lililokaushwa. Tunda bichi huitwa inab. Watu wa pwani walilijua kwanza tunda kavu lililoletwa kwa majahazi, nalo ndilo lililotupa jina. Tunda bichi lilipofika baadaye, lilikuta jina limekwisha kukaliwa, nalo likaingia humo humo. Leo tunalazimika kusema zabibu kavu ili kulitaja lile la kwanza. Kwa mtu ajuaye Kiarabu ni kama kusema kavu mara mbili, lakini lugha haioni haya kwa jambo hilo, wala haina sababu ya kuona haya.

3. Mahali na mvinyo wake

Mzabibu wa mvinyo, ambao wataalamu wa mimea huuita Vitis vinifera, hustawi zaidi baina ya latitudo ya 30 na ya 50, kaskazini na kusini ya Ikweta. Huko una majira manne: hulala wakati wa baridi, huchipua, huzaa, kisha huvunwa mara moja kwa mwaka. Ushahidi wa kale zaidi wa mvinyo wa zabibu umepatikana katika nchi ya Georgia, katika vyungu vya miaka ipatayo 6000 kabla ya Kristo.

Nchini Ufaransa jimbo la Bourgogne ndilo mfano unaotajwa kila mahali pa masomo ya mvinyo. Hapo mvinyo mwekundu hutokana na aina moja tu kwa sehemu kubwa, Pinot Noir, na mweupe na aina moja, Chardonnay. Aina ikiwa moja, tofauti inabaki kuwa ya mahali: mteremko unaotazama mashariki, udongo wa chokaa ulio mzito au mwepesi, maji yanayotuama au kupita. Watawa wa Cîteaux, walioanzisha nyumba yao mwaka 1098, walilima shamba la Clos de Vougeot lenye hekta 50 hivi, na mpaka wa ukuta wake bado unaheshimiwa, ingawa leo shamba hilo limegawanyika kwa wenye sehemu takriban 80. Mwaka 1395 mtawala wa jimbo hilo, Philippe le Hardi, aliamuru aina ya Gamay ing'olewe kwa kuwa ilizaa sana na mvinyo wake aliuona duni. Twaona basi kwamba sifa ya mahali hailetwi na udongo peke yake. Huletwa pia na amri, na desturi, na watu wanaokubali kuvuna kidogo ili wapate kilicho bora.

Wafaransa wana neno moja kwa mambo hayo yote kwa pamoja, yaani udongo, mteremko, hewa na desturi ya mkulima: terroir. Watu wengi hudai kwamba neno hilo halitafsiriki. Huenda halina neno moja la kulingana nalo, lakini dhana yenyewe si ngeni kwetu. Mnunuzi wa Dar es Salaam husema mchele wa Kyela, naye hataki wa kwingine. Mtu wa Unguja hajui karafuu tu, anajua karafuu za Pemba. Anayesema hivyo ameshasema kwamba mahali pana ladha. Katika mafunzo yangu hutumia maneno asili ya mahali, na sijaona mwanafunzi aliyeshindwa kuyaelewa.

Kusini mwa bara letu, katika Rasi ya Tumaini Jema, Jan van Riebeeck aliandika kwamba zabibu za hapo zilikamuliwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Februari, 1659. Shamba la Constantia lilianzishwa mwaka 1685, na mvinyo wake mtamu ukaja kusifiwa katika majumba ya kifalme ya Ulaya. Sifa hiyo ilijengwa kwa mikono ya watumwa, baadhi yao waliochukuliwa kutoka Madagaska na Msumbiji. Mwonjaji anayeitaja Constantia bila ya kuwataja hao amesimulia nusu ya habari.

Karibu nasi zaidi ni Dodoma. Mji huo uko kama nyuzi 6 kusini ya Ikweta, nje kabisa ya mipaka niliyoitaja juu. Kinachouokoa ni mwinuko wake wa mita zipatazo 1,100, usiku wake wa ubaridi, na ukame wa miezi mingi. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana, karibu na mji, katika miaka ya 1950, na baadaye utafiti ukaendelea Makutupora, mahali palipoipa jina lake aina ya zabibu nyekundu inayojulikana sana huko. Kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima huulaza mwenyewe: huunyima maji, kisha huupogoa. Ukisha kupogolewa na kupewa maji huchipua upya. Hivyo zabibu zaweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, mavuno ya kwanza yakiwa karibu na mwezi wa Machi na ya pili karibu na Agosti au Septemba. Mkulima wa Ulaya hungoja majira. Mkulima wa Dodoma huyatengeneza kwa mkasi wake.

4. Aina za zabibu na hadithi za majina

Majina ya aina za zabibu yana mafunzo kwa mwanalugha. Pinot husemekana kutokana na neno la Kifaransa la msonobari, kwa vile kichala chake hufanana na tunda la mti huo. Merlot huhusishwa na merle, ndege mweusi. Chardonnay ni jina la kijiji. Pinotage limeundwa kwa kukata maneno mawili na kuyaunganisha: mwaka 1925 Abraham Perold wa Stellenbosch alizalisha mbegu mpya kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut, ambayo huko Afrika ya Kusini iliitwa Hermitage.

Lakini hadithi inayotugusa sisi wa pwani ni ya Shiraz. Zabibu hii ambayo Wafaransa huiita Syrah ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ilitoka katika mji wa Shiraz nchini Uajemi. Wengine walisema ililetwa na askari wa vita vya msalaba, wengine na wafanya biashara wa kale. Sauti za majina zilifanana, mji ule ulikuwa na sifa ya mvinyo, basi watu wakatosheka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walichunguza nasaba ya zabibu hiyo kwa vipimo vya chembe za urithi. Wakaona kwamba wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, aina mbili za kusini-mashariki mwa Ufaransa. Uajemi haikuhusika.

Wanahistoria wa pwani wamebishana kwa miaka mingi juu ya asili ya jina la Washirazi katika miji yetu, na mimi sina ujuzi wa kuamua baina yao. Nasema hili tu: mfano wa zabibu unatuonya kwamba jina laweza kusafiri bila ya kitu, na kitu bila ya jina. Kufanana kwa sauti ni mwanzo wa uchunguzi, si mwisho wake. Kwa njia hiyo hiyo iligunduliwa mwaka 1997 kwamba Cabernet Sauvignon, zabibu mashuhuri ya Bordeaux, ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Safari hii jina lilikuwa limesema kweli wakati wote, ila hapakuwa na mtu aliyekuwa na hakika.

5. Msamiati wa ladha

Nimefika kwenye kiini cha makala. Mwaka mmoja nilikuwa katika kijiji kimoja cha Dodoma, nikaonjeshwa mvinyo uliotengenezwa nyumbani na mzee mmoja mkulima. Ulikuwa mzuri, na sukari yake yote ilikuwa imekwisha kugeuka kileo. Nikataka kumsifu kwa istilahi niliyofundishwa. Nikasema, "Mzee, mvinyo wako ni mkavu hasa." Mzee alinitazama kidogo, kisha akageuka kuelekea jikoni akaita, "Mama, leteni karanga, mgeni anakunywa kavu!" Akaniambia kwa upole, "Utuwie radhi, mwanangu. Tumesahau."

Mzee hakukosea. Mimi ndiye niliyekosea. Wafaransa husema sec, Waitaliano secco, Wareno seco, Wajerumani trocken, na maneno yote hayo maana yake ni kavu. Sitiari hiyo imezunguka Ulaya nzima mpaka haionekani tena kuwa ni sitiari. Kiswahili kina sitiari yake katika neno hilo hilo. Wali mkavu ni wali usio na mchuzi; chai kavu ni chai isiyo na kitafunio. Kwa hiyo kwa msemaji wa Kiswahili mvinyo mkavu ni mvinyo usio na chakula pembeni, na hiyo ni aibu kwa mwenyeji. Tangu siku ile nasema mvinyo usio na utamu, na kila mtu hunielewa.

Sasa natazama ladha moja moja. Katika mvinyo mwekundu mna kitu kinachoitwa tanini, kitokacho katika maganda, kokwa na vikonyo vya zabibu, na pengine katika mbao za pipa. Hicho hushikamana na protini za mate, na ulimi hupoteza utelezi wake. Vitabu vya Kiingereza hutumia kurasa kueleza hali hiyo. Kiswahili kina neno moja: ukakasi. Ye yote aliyewahi kuuma ndizi mbichi anaujua. Wanafasihi pia wanalijua, kwani husema mstari una ukakasi wakati maneno yake hayatelezi. Hatuna haja ya istilahi nyingine.

Asidi ya mvinyo inayoamsha mate ni ugwadu, kama wa ndimu au embe bichi. Kuuita ukali ni kukosea, maana ukali ni wa pilipili na wa kileo pia. Uchungu ni jambo la tatu, na ni wa shubiri au wa mbegu iliyopondwa. Vijana wengi niliowafundisha kwa Kiingereza walivichanganya vitu hivi vitatu. Nilipowauliza kwa Kiswahili kama ladha ile ni ya ndimu, ya ndizi mbichi au ya shubiri, hawakukosea tena. Uzani wa mvinyo kinywani, ambao Waingereza huuita mwili, kwetu ni uzito na wepesi, kama tunavyosema uji mzito na uji mwepesi.

Kitenzi chacha kinastahili aya yake. Maziwa huchacha, mchuzi huchacha, na bahari nayo huchacha. Katika chakula maana yake ya kawaida ni kuharibika. Mvinyo nao hauwi mvinyo bila ya hamira kuigeuza sukari; kwa kadiri, gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa kileo cha asilimia 1. Je, tuseme mvinyo umechacha kwa wema au kwa ubaya? Hapa mnyambuliko wa lugha unatuokoa. Kinachochacha kimechacha chenyewe; kinachochachushwa kimefanyiwa hivyo na mtu kwa makusudi. Mvinyo mzuri umechachushwa. Mvinyo uliogeuka siki umechacha. Kiambishi kimoja kinatenganisha kazi ya fundi na ajali.

Jambo hili nilifundishwa na mwanafunzi wangu. Alikuwa binti wa mgema kutoka Rabai, na alikuwa ameshindwa mtihani wa kuandika kwa sababu majibu yalitakiwa kwa Kiingereza. Mwajiri wetu alitaka kumrudisha jikoni akaoshe vyombo. Siku ya mwisho tulifungua kasha la mvinyo mwekundu ghali lililokuwa limepitia bandarini wakati wa joto. Waonjaji watatu, nami nikiwa mmoja wao, tuliusifu kwa maneno mengi ya vitabuni. Yule binti aliunusa mara moja akasema, "Huu umechacha, mwalimu. Unanuka kama mnazi wa juzi." Tukanusa tena bila ya kuitazama karatasi ya chupa. Alisema kweli. Siki ilikuwa imekwisha kuanza, na kasha lote likarudishwa. Mtoto aliyekulia penye kotama na kibuyu anajua tofauti ya tembo la asubuhi, la jioni na la kesho yake. Alikuwa na elimu yote tuliyoitafuta. Ila sisi tulikuwa tumeuliza kwa lugha isiyokuwa yake. Hakurudishwa jikoni.

Wanaisimu wamelichunguza jambo hili. Adrienne Lehrer wa Marekani alichapisha mwaka 1983 kitabu kiitwacho Wine and Conversation, akionyesha jinsi wanywaji wa kawaida wanavyoshindwa mara kwa mara kuutambua mvinyo kwa maelezo yaliyotolewa na wenzao, ijapokuwa wote wanaamini wanaelewana. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux waliwapa wanafunzi 54 mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho liliuamuru ulimi. Njia mojawapo ya kujikinga na udhaifu huo ilitolewa na Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliyechora mwaka 1984 gurudumu la harufu za mvinyo. Kila neno katika gurudumu hilo limefungwa na kitu halisi kinachoweza kuwekwa mezani na kunuswa.

Funzo lake kwetu ni wazi. Ikiwa neno la harufu halina budi kufungwa na kitu, basi kitu hicho kiwe kinajulikana na msemaji. Kijana wa Kilifi hajapata kuliona tunda la mwituni la Ulaya linalotajwa katika kila maelezo ya Cabernet Sauvignon. Anaijua zambarau, rangi yake, utamu wake na ukakasi wake. Anaijua karafuu, iliki, ukwaju, asumini na udi. Na katika harufu mbaya lugha yetu ni tajiri zaidi: shombo, vumba, uvundo, ukungu. Kizibo kibovu kikiuharibu mvinyo, harufu yake ni ya ukungu, kama ya nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Nikisema hivyo, darasa zima hutikisa kichwa.

6. Mvinyo na chakula

Faida ya msamiati huu huonekana mezani. Ukakasi hupungua unapokutana na protini na mafuta, na ndiyo sababu mvinyo mwekundu mzito hufuatana vizuri na nyama choma. Chumvi nayo huutuliza. Lakini ukiupeleka mvinyo huo huo kwa samaki, aghalabu shombo hupanda na kinywa hubaki na ladha ya chuma. Samaki hutaka ugwadu, kama anavyotaka ndimu. Mpishi wa Lamu anayekamulia ndimu juu ya samaki wa kupaka ameshaijua kanuni hii, hata ikiwa hajagusa mvinyo maisha yake yote. Tui la nazi ni zito na lina utamu wake. Linahitaji kitu chenye ugwadu wa kulikata, kwa mfano Chenin Blanc, zabibu inayolimwa kwa wingi katika Rasi na pia katika Dodoma.

Pilipili ina kanuni yake. Kileo huuchochea moto wa pilipili, kwa hiyo mvinyo wenye kileo kingi huifanya biriani kali kuwa adhabu. Bora ni mvinyo wenye utamu kidogo na kileo kichache, kama Riesling ya bonde la Mosel nchini Ujerumani, ambako mivinyo mingi ya namna hiyo haizidi asilimia 8 au 9. Mgeni akiuliza sababu, mhudumu aweza kumjibu kwa sentensi moja: utamu hupoza, kileo huwasha.

Kanuni iliyo juu ya zote ni kwamba chakula na kinywaji vilivyokulia mahali pamoja huelewana. Watu wa Bourgogne hupika nyama ya ng'ombe ndani ya mvinyo wao wenyewe. Mvinyo wa nchi haukutengenezwa kwa ajili ya kusifiwa peke yake. Ulitengenezwa uwe pamoja na mkate na mchuzi wa nyumba ile. Nikifikiri hivyo, naona kwamba mzee wa Dodoma aliyeita karanga alikuwa ameielewa mvinyo kuliko kitabu changu.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba majina ya mvinyo katika Kiswahili yamebeba historia ya watu watatu waliokuja kwa bahari. Kwamba mahali pana ladha, na jambo hilo wasemaji wetu walikwisha kulisema juu ya mchele na karafuu. Na kwamba katika ladha yenyewe hatukuzaliwa maskini. Ukakasi, ugwadu, uzito, kuchachusha, mashapo, siki na ukungu ni istilahi kamili. Zimepimwa na wapishi na wagema kwa muda mrefu kuliko umri wa kamusi zetu.

Ombi langu kwa wanakamusi ni dogo. Waendapo kukusanya maneno ya sayansi na viwanda, wasiishie maktabani. Waende kwa wagema wa Rabai na wakulima wa Makutupora, wawaulize kinywaji hiki kimekuwaje, kisha waandike. Mkulima anayeuza zabibu zake kwa mnunuzi anayesema lugha nyingine huambiwa bei, wala haambiwi sababu. Akiwa na neno la ugwadu na la ukakasi mbele ya mnunuzi huyo, ataweza kuuliza kwa nini, na hapo majadiliano ya bei yatakuwa na watu wawili.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimeisifu lugha yetu katika kurasa hizi. Iliyobaki ni kazi ya wataalamu kuhakikisha kwamba tembo lake halitiwi maji.